Je, Wajua? Dawa ya GIMP Iliyogoma

Je, wajua kwamba GIMP, programu ya kutengenezea picha ambayo mpiga chapa wa Lugulu huko Bungoma, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, aweza kuitumia pasipo kulipa hata senti moja, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na kwamba ikigoma katika mfumo wa Linux, aghalabu hueleza yenyewe maradhi yake?

• Visanduku vya zana vikitoweka ghafula, usidhani vimeharibika, kwani kitufe cha Tab ndicho huvificha, na kukibonyeza tena huvirejesha.

• Programu isipofunguka, fungua terminali, andika gimp kwa herufi ndogo, kisha bonyeza Enter. Huenda sababu ya hitilafu ikaandikwa papo hapo mbele ya macho yako.

• Mipangilio yako aghalabu huhifadhiwa katika folda ya GIMP, iliyo ndani ya folda iliyofichika iitwayo .config. Ukiibadili jina folda hiyo ya GIMP ilhali programu imefungwa, GIMP itajiundia nyingine yenye mipangilio ya asili, wala ile ya kale haitapotea.

Basi fundi asiharakie kufuta mfumo mzima kabla ya kuyajaribu haya, kwa maana programu ambayo msimbo wake u wazi kwa watu wote humstahi mwenye subira ya kuidadisi, awe Berkeley au Bungoma.