Uzoefu pekee haumfanyi muuguzi kuwa mkufunzi

Na Mwandishi Wetu

KATIKA karakana za Gerezani, jijini Dar es Salaam, kijana hujifunza ufundi kwa kumtazama fundi wake. Akikosea kukata bati, bati hilo huwekwa kando na kazi huanza upya.

Mwanafunzi wa uuguzi anayepelekwa zahanati au kituo cha afya kwa mafunzo ya vitendo hana nafasi hiyo, kwani aliye mbele yake ni mgonjwa. Ndiyo maana muuguzi mzoefu anayekabidhiwa wanafunzi anapaswa naye kufundishwa kwanza namna ya kuwalea kitaaluma.

Msomaji anaweza kujiuliza: mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka 20 afundishwe nini tena?

Jibu limo katika uzoefu wenyewe. Mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, Patricia Benner, katika kitabu chake cha mwaka 1984 alieleza ngazi tano anazopitia muuguzi, kuanzia mwanagenzi hadi mbobezi. Aliyefika ngazi ya juu hahesabu tena kila hatua. Mikono na macho yake hutangulia maneno. Hivyo hufanya vizuri jambo ambalo si rahisi kwake kulieleza.

Mfano ni chanjo ya BCG inayomkinga mtoto dhidi ya kifua kikuu. Dozi ya mtoto mchanga ni mililita 0.05 tu, nayo hudungwa ndani ya ngozi, si chini yake. Muuguzi mzoefu huilaza sindano karibu sambamba na ngozi na kuona kivimbe kidogo kikijitokeza. Mwanafunzi aliyetazama tu, bila kuelezwa sababu, anaweza kuizamisha sindano na mtoto akapata jipu.

Mlezi aliyeandaliwa hufuata utaratibu. Hulifanya tendo mwanafunzi akitazama, hulirudia akieleza kila hatua, kisha humtaka mwanafunzi azieleze hatua hizo, na mwisho humwachia alifanye mwenyewe chini ya uangalizi.

Katika afya ya jamii kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa mengi hayaonekani. Muuguzi anapomtembelea mgonjwa wa shinikizo la damu katika chumba cha kupanga, hatosheki na vipimo. Huangalia dawa zilizobaki, huuliza nani anapika na chumvi hutiwa kiasi gani, na hutambua kama mgonjwa anaona haya kusema kuwa fedha za dawa zimekwisha.

Mwanafunzi huenda akaona mashine ya kupimia tu. Yaliyobaki lazima mlezi wake ayaseme wakishatoka nje, si mbele ya mgonjwa.

Sehemu nyingine ya mafunzo hayo ni kutathmini kwa haki. Utafiti wa Kathleen Duffy wa Scotland, uliotolewa mwaka 2003, ulionyesha kuwa baadhi ya walezi waliwapitisha wanafunzi waliowatilia shaka. Mwaka 2018, Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza lilitenganisha majukumu: anayemsimamia mwanafunzi kila siku siye anayeamua kama amefaulu.

Hapa nchini suala hilo lina uzito wake. Mafunzo ya cheti huchukua miaka miwili na ya stashahada mitatu. Baada ya hapo mhitimu anaweza kupangiwa zahanati yenye watumishi wachache, ambako mama mjamzito akifika usiku hakuna mkubwa wa kumuuliza. Saini iliyotiwa kwa kuoneana haya katika daftari la mafunzo, gharama yake hulipwa na mama huyo.

Kikwazo kikubwa ni muda. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2025 ilikadiria kuwa dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8 mwaka 2023. Penye foleni ndefu, mwanafunzi hugeuzwa msaidizi wa kazi, na mlezi hukosa nafasi ya kumwelekeza. Kumfundisha muuguzi mbinu za ulezi bila kumpunguzia wagonjwa siku anapokuwa na wanafunzi ni sawa na kumpa jembe bila shamba.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Muuguzi wa kesho analelewa leo, na mkazi wa Gerezani au Kariakoo atakayempelekea mwanawe kuchanjwa ndiye atakayeyapokea matunda ya malezi hayo.