KAPU LA BEI NI KAPU LA NANI?

Mwisho wa kila mwezi Shirika la Kitaifa la Takwimu, mjini Nairobi, hutoa taarifa ambayo ndani yake mna tarakimu moja inayotafutwa na watu wengi kuliko zote. Tarakimu hiyo yaeleza jinsi bei za vitu katika Kenya zilivyopanda, kwa kila mia, zikilinganishwa na bei za mwezi kama huo katika mwaka uliotangulia. Karani huisoma gazetini, kisha huenda kupanda matatu na kukuta nauli imeongezeka zaidi ya ilivyosemwa. Mkulima huisikia katika redio, naye hushangaa, maana bei ya mahindi aliyoyauza wiki ile haikupanda hata senti moja. Wote wawili hubaki na swali lile lile: hesabu hii imetoka wapi, nayo ni hesabu ya maisha ya nani?

Swali hilo ni la haki kabisa. Tarakimu ya bei si mapambo ya gazeti. Benki Kuu huitazama inapoamua kupandisha au kupunguza riba. Vyama vya wafanyakazi huishika mkononi vinapokwenda kuzungumza na waajiri juu ya mishahara. Mwenye mkopo wa kununulia ng'ombe wa maziwa, hata kama hajapata kuisikia tarakimu hiyo, huenda akailipia.

KAZI YA SOKONI

Kazi yenyewe haianzi ofisini bali sokoni. Kila mwezi waandikaji wa bei hutumwa katika maeneo 50 ya nchi, nao huuliza bei za vitu na huduma 330 vilivyochaguliwa: unga wa mahindi, maziwa, sukari, sabuni, kodi ya nyumba, nauli na vinginevyo. Orodha hiyo ndiyo iitwayo kapu. Kapu la sasa lilianza kutumika mwaka 2020, na bei za Februari 2019 ndizo zilizofanywa kuwa 100. Hivyo kila mwezi unaofuata hupimwa kwa kulinganishwa na mia hiyo.

Kuuliza bei huonekana kuwa kazi nyepesi, lakini ina mitego mingi. Mwandikaji hana budi kurudi pale pale alipouliza mwezi uliopita, na kuuliza habari za kitu kile kile, cha namna ile ile, cha uzito ule ule. Akilinganisha mchele mzuri wa mwezi uliopita na mchele uliovunjika wa mwezi huu, hesabu yake imeharibika. Na katika masoko yetu uzito wenyewe ni jambo la kuangaliwa sana. Mahindi na maharagwe huuzwa kwa gorogoro, na gorogoro iliyobonyezwa kitako si sawa na gorogoro nzima. Mama wa sokoni hupenda kuiacha bei ya fungu la sukuma wiki kama ilivyo ili asiwafukuze wateja, lakini wakati wa kiangazi fungu hilo hupungua jani moja baada ya jingine. Bei haikupanda, na hata hivyo imepanda. Asiyeleta mizani ataandika kwamba mboga hazijabadilika bei, na kila mpishi wa mtaa ule atajua kwamba si kweli.

Tena kuna majira. Mboga huwa ghali kabla ya mvua za masika, na mahindi hushuka bei baada ya mavuno. Kwa sababu hiyo Machi hulinganishwa na Machi ya mwaka uliopita, si na Februari peke yake, la sivyo kila kiangazi kingefanana na msiba na kila mavuno yangefanana na utajiri.

UZITO WA KILA KITU

Bei zikisha kuandikwa, haziwezi kujumlishwa ovyo. Kiberiti kikipanda bei mara mbili, nyumba ya mtu haitikisiki. Unga ukipanda kwa robo, watoto hulala na njaa. Kwa hiyo kila kitu hupewa uzito kulingana na sehemu ya fedha ambayo watu hukitolea. Katika kapu la sasa, chakula pamoja na vinywaji visivyo vya kulevya vimepewa uzito wa 32.91 katika kila 100. Katika kapu lililotangulia, ambalo mia yake ilikuwa Februari 2009, uzito huo ulikuwa 36.04. Usafiri nao umeongezewa uzito, kutoka 8.66 hadi 9.65, na ndiyo maana bei za mafuta ya motokaa zinazotangazwa tarehe 14 ya kila mwezi hutazamwa sana na wenye kuzihesabu takwimu hizi.

Hapa ndipo lilipo fumbo la yule karani na wenzake. Tuseme kwamba chakula kimepanda bei kwa 10 katika kila mia, na vitu vingine vyote vimesimama. Nyumba itumiayo shilingi 33 za chakula katika kila shilingi 100 itaona gharama zake zimeongezeka kwa shilingi 3 na senti 30. Nyumba maskini itumiayo shilingi 60 katika kila 100 kwa chakula itaona nyongeza ya shilingi 6. Tarakimu itakayotangazwa itakuwa karibu na ile ya kwanza. Hakuna aliyesema uongo, lakini nyumba ya pili imeumia karibu mara mbili ya ilivyoandikwa.

Naye mkulima akumbuke kwamba bei ziandikwazo ni bei anazolipa mnunuzi wa mwisho, wala si zile anazopokea yeye langoni mwa shamba. Kati ya bei hizo mbili wamo mchuuzi, mwenye lori, mwenye kinu na mwenye duka. Taarifa isemapo kwamba chakula kimepanda, si hoja ya kusema kwamba mkulima amepata. Huenda amepoteza, hasa akiwa ni yule auzaye mahindi yote Novemba na kurudi dukani kununua unga mwezi wa Mei.

KAPU LA MSEJA

Jambo hili la kuuliza kapu ni la nani halikuanza jana. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa mishahara iliyoachwa nyuma na bei za wakati wa vita na baada yake. Mwaka uliofuata, 1948, ilianzishwa Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, na chini yake ilikuwako Idara ya Takwimu iliyohesabu watu wa Kenya mwaka huo huo. Mwezi wa Oktoba na Novemba 1950 idara hiyo ilichunguza jinsi vibarua wa Kiafrika wa Nairobi walivyopata na kutumia fedha zao.

Kisha, mwaka 1954, ikatoka taarifa ya kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Bw. F. W. Carpenter. Kamati ilikuta kwamba mshahara wa chini kabisa ulikuwa umekadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja mseja, kana kwamba kila mfanyakazi wa mjini hana mke wala mtoto. Ikakuta pia kwamba hata mahitaji hayo ya lazima yaliwashinda karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni na watu binafsi, na karibu robo ya walioajiriwa katika kazi za umma. Ikashauri mshahara wa mseja ugeuzwe pole pole, katika muda wa miaka 10, uwe mshahara wa kutosha mtu na jamaa yake, yaani mara mbili na nusu ya ule wa kwanza.

Tofauti hiyo yote, kutoka moja hadi mbili na nusu, haikutokana na bei ya posho. Posho ilikuwa na bei ile ile kwa mseja na kwa baba wa watoto wanne. Ilitokana na jambo lililoamuliwa kabla ya mtu ye yote kwenda sokoni: ni nani atakayekula katika kapu hili?

KUJUMLISHA NA KUZIDISHA

Hata kapu likiwa zuri, njia ya kuhesabu yaweza kulipotosha. Kwa miaka mingi Kenya ilitumia wastani wa kawaida, ule tunaofundishwa shuleni. Mwaka 2009 Shirika la Takwimu liliacha njia hiyo, na tarakimu ya kupanda kwa bei ikashuka sana kwa mara moja. Si ajabu mtu aliyeona unga haujashuka dukani akashuku kwamba ni ujanja wa wakubwa.

Lakini sababu yake ilikuwa ya kweli, na mfano mdogo watosha kuionyesha. Maduka mawili huuza sabuni. Mwezi wa kwanza duka moja linauza mche kwa shilingi 100 na la pili kwa shilingi 200. Mwezi wa pili yanabadilishana: la kwanza 200, la pili 100. Mwenye kununua mche mmoja katika kila duka analipa shilingi 300 miezi yote miwili. Lakini mwenye kutumia wastani wa kawaida atasema: duka la kwanza limezidisha bei mara mbili, la pili limeipunguza hadi nusu; mbili na nusu, ukigawa kwa mbili, ni moja na robo; basi bei zimepanda kwa 25 katika kila mia! Njia mpya huzidisha badala ya kujumlisha: mbili mara nusu ni moja, na kipeuo cha pili cha moja ni moja. Bei hazikupanda. Kosa la njia ya zamani lilikuwa likirundikana mwezi baada ya mwezi, na wenye kujadiliana juu ya mishahara na riba walikuwa wakiligombania pasipo kujua. Laiti jambo hilo lingaliwekwa wazi kwa lugha nyepesi mapema, maneno mengi yangalipungua.

KUPUNGUA KASI SI KUSHUKA

Kosa jingine ni la wasomaji wenyewe. Mwaka 2011, baada ya ukame na baada ya shilingi kudhoofika hata dola moja ikapita shilingi 100, bei zilipanda hata kufikia 19.72 kwa kila mia mwezi wa Novemba. Benki Kuu, ambayo lengo lake ni 5, na ruhusa ya kupungua au kuzidi kwa 2.5, ilipandisha riba yake kutoka 7 katika Septemba hadi 18 kwa kila mia mwanzoni mwa Desemba. Mabenki ya biashara yakafuata, na watu waliokopa kwa riba ya chini wakaletewa barua za malipo mapya.

Mwaka mmoja baadaye tarakimu ilikuwa imeshuka hata kuzidi 3 kidogo tu, na wengi wakauliza mbona bei hazijashuka. Hazikushuka, wala tarakimu haikusema hivyo. Kitu kilichonunuliwa kwa shilingi 100 mnamo Novemba 2010 kilifika karibu shilingi 120 mnamo Novemba 2011, na Novemba 2012 kilikuwa kimepita shilingi 123. Gari lilikuwa likiupanda mlima bado, ila kwa mwendo wa pole.

Bei si kipimo cha pekee. Tangu 2014 hutolewa pia hesabu ya biashara itokanayo na kuwauliza mameneja wa ununuzi wa makampuni yapatayo 400 kama maagizo, kazi, wafanyakazi na akiba ya mali vimeongezeka, vimesimama au vimepungua. Waliosema vimeongezeka huhesabiwa wote, na waliosema vimesimama huhesabiwa nusu. Juu ya 50 biashara inakua. Chini yake inanywea. Oktoba 2017, wakati wa uchaguzi wa marudio, ilianguka chini ya 35, na Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, ikaanguka hivyo tena. Faida yake ni kufika mapema, maana hesabu za Pato la Taifa huchukua miezi. Hizo nazo zina mambo yake: Septemba 2014, baada ya kuzipanga upya, pato la Kenya la mwaka 2013 lilionekana kuwa kubwa kwa robo nzima, na nchi ikaingia katika daraja la nchi za pato la kati, ngazi ya chini, pasipo mtu ye yote kuongezewa shilingi mfukoni.

Uzito wa vitu katika kapu hautungwi na wakubwa wa Nairobi. Hutokana na majibu ya watu majumbani. Kapu la sasa lilitokana na uchunguzi wa mwaka 2015/16, ambao nyumba 24,000 zilichaguliwa kuulizwa juu ya matumizi yao. Mwenye nyumba anayemwambia mwandikaji kwamba hanunui nyama, kwa kuogopa kwamba habari hizo zitafika kwa mtoza kodi, ameipunguza nyama katika kapu la kila mtu, na nyama ikipanda bei tarakimu haitamsikia. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 yakataza majibu ya mtu mmoja mmoja kutolewa kwa namna itakayomtambulisha, na mwandikaji anayeivunja hushitakiwa.