Duka linafunguka lakini kila bidhaa inaleta 404? Soma hapa kabla hujamlipa fundi

Hii ni kwa wenye duka la WordPress na WooCommerce.

Mteja akibonyeza linki inayoishia na /product/kitenge-cha-wax/, wengi hudhani kwenye seva kuna folda inaitwa product, na ndani yake ukurasa wa kitenge umekaa unasubiri. Hakuna kitu kama hicho. Ukiitafuta hutaiona.

Seva inaangalia kwanza kama kuna faili halisi kwenye anwani hiyo, mfano picha. Likiwepo inalitoa lilivyo. Lisipokuwepo, kwenye seva za Apache kuna kifaili kinaitwa .htaccess, huyo ndiye mlinzi wa getini: kila mgeni anampeleka kwa index.php. Hapo WordPress inaisoma anwani. "Product" inaiambia itafute bidhaa, "kitenge-cha-wax" inaiambia bidhaa ipi. Inaingia kwenye hifadhidata, inachukua bei, picha na idadi iliyobaki, halafu inaupanga ukurasa muda huo huo. Ndiyo maana ukibadilisha bei leo, linki uliyoweka status juzi inaonyesha bei ya leo. (Ikionyesha ya zamani, kuna nakala imehifadhiwa mahali, ifute.)

Sasa umehamia hosti nyingine. Ukurasa wa mwanzo unafunguka vizuri, ukigusa bidhaa yoyote, 404. Mara nyingi bidhaa zako zote zipo salama, ila mlinzi ameachwa nyumba ya zamani. Jina la .htaccess linaanza na nukta, kwa hiyo programu nyingi za mafaili hulificha na mtu anayehamisha halioni.

Ingia Settings, kisha Permalinks. Usibadilishe chochote, bonyeza tu Save Changes. WordPress itaziandika upya zile sheria. Ikigoma, waulize watu wa hosti kama .htaccess inaruhusiwa kuandikwa na kama mod_rewrite imewashwa. Swali hilo moja linakuokolea siku nzima ya kuzungushwa.

Nimesema usibadilishe chochote kwa sababu linki zako ziko kwenye simu za watu, na pengine umeshachapisha QR kwenye mifuko. Ukigeuza muundo wa anwani za bidhaa, hizo zote zinaweza kufia njiani. Kama ni lazima ubadilishe, weka plagini ya bure inayoitwa Redirection, andika anwani ya zamani na mpya, chagua 301. Mwenye linki ya zamani atafikishwa kwenye mpya, na Google itajua umehama jumla.