Demani ya Makorora: Tanga, Tongoni na Pangani

Demani ndiyo majira mazuri ya kutembea mwambao wa Tanga. Kusi imekwisha makali, kaskazi haijaingia, bahari imetulia, na mvua za vuli ama hazijaanza au ni manyunyu ya kupita. Kati ya Septemba na mwanzo wa Novemba, mkazi wa Makorora, jijini Tanga, anaweza kuizungukia miji ya kale ya pwani hiyo kwa siku mbili bila kutoka mkoani. Watu wa Tanga husema mgeni waja leo, kuondoka majaliwa. Wenyeji wenyewe ndio mara nyingi hawajaviona vilivyo karibu yao.

Kutoka Makorora, bajaji hupita Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba, huvuka reli na kutokea upande wa bandari. Reli hiyo ndiyo iliyoukuza mji. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, na hakukuwa na nyingine kabla yake katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Boma lao la zamani sasa ni makumbusho ya Urithi, na picha za mji wa wakati huo zimo humo. Mbele kidogo ni Raskazone, ambako majeshi ya Uingereza, wengi wao Wahindi, yalishuka Novemba 1914. Walikuwa kama 8,000 dhidi ya askari wapatao 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na bado walishindwa wakarudi merikebuni. Nyuki waliotibuliwa na risasi walishambulia pande zote mbili, na habari zao hupendwa kusimuliwa kuliko habari za vita yenyewe. Lakini waliowashinda Waingereza hasa ni askari wa Kiafrika waliokuwa katika jeshi la Mjerumani, na wakati wa kusimulia wao husahaulika upesi.

Barabara ya Pangani huelekea kusini. Baada ya kilomita zisizofika 20 ni Tongoni, na hapa ndipo pa kukaa. Kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa ya karne ya 14 na ya 15. Mafundi walijenga kwa matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la magogo. Makaburi ya wakubwa yalisimamishiwa minara, na kwenye minara hiyo yakapachikwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Mingi imeanguka, imelala nyasini vipande vipande. Mabakuli hayapo tena, ila ukichunguza jiwe kwa karibu utaviona vishimo vya mviringo yalimokaa. Bakuli la Uchina juu ya kaburi la Mswahili lilitangaza kwamba marehemu alikuwa mtu wa biashara ya mbali. Vasco da Gama alipita maji haya mwaka 1498, na aliporudi kutoka Bara Hindi mwanzoni mwa 1499 aliichoma moto hapo merikebu yake São Rafael, maana mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu.

Pangani iko mdomoni mwa mto wa jina hilo, kilomita 50 hivi kutoka Tanga. Karne ya 19 ulikuwa mji mkubwa kuliko Tanga: misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilianzia na kuishia hapa, ikienda Usambara, Kilimanjaro na Umasaini. Mwaka 1888 Wajerumani walipojaribu kuutwaa, Bushiri bin Salim aliongoza vita vya kuwapinga, vikaenea mwambao mzima. Walimnyonga papo hapo Pangani, Desemba 15, 1889. Miaka minne baadaye, Kikogwe, ng'ambo ya mto, Richard Hindorf alipanda miche ya katani iliyotoka Florida; kati ya 1,000 ilipona 62 tu. Miche hiyo ndiyo asili ya mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuvuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Faida yake lakini iliijenga Tanga, kwa kuwa reli ilikuwa Tanga. Pangani ilibaki na nyumba zake za milango ya nakshi, nyingi zikichakaa.

Kutoka Pangani mashua huenda Maziwe, hifadhi ya bahari tangu 1975. Kilikuwa kisiwa chenye miti na mazalio ya kasa. Sasa ni fungu la mchanga, na maji yakijaa hufunikwa. Anayetaka kwenda amwulize nahodha maji yanatoka saa ngapi kabla ya kulipa nauli. Na mwenye siku moja tu, aiache Maziwe, asiiache Tongoni.