Biti 50 zinazoibeba sauti yako

Sauti ikikatika ndani ya teksi inayoshuka kutoka Mulago kuelekea Bwaise, abiria huulaumu mtandao kwamba umemeza maneno ovyo. Si ovyo. Teknolojia ya simu ya GSM, iliyoingia Kampala na Celtel mwaka 1995, huamua mapema kipi kilindwe na kipi kiachwe. Simu huikata sauti katika vipande vya milisekunde 20, kila kimoja kikabanwa kuwa biti 260, na biti hizo hazina hadhi sawa. Zile 50 nyeti zaidi, zenye umbo na nguvu ya sauti, huongezewa 3 za ukaguzi; kisha hizo na 132 zinazofuata, pamoja na 4 za kufungia, hupitishwa kwenye msimbo unaotoa biti mbili kwa kila moja. Zilizobaki 78 husafiri bila kinga, maana zikiharibika sikio husikia mkwaruzo tu. Ukaguzi ukionyesha zile 50 zimeharibika, simu inayopokea hukitupa kipande kizima na kurudia kilichotangulia, ikikififisha. Hasara ikiendelea, sauti huzimwa kabisa kabla nusu sekunde haijaisha.

Atatokea wa kuuliza: mbona ubane hadi biti 260, kisha uzivimbishe hadi 456? Marudio yaliyomo katika usemi hayakupangwa kurekebisha makosa, ila yanayoongezwa yamepangwa kwa kazi hiyo. Pingamizi zito zaidi hutoka kwa Claude Shannon, ambaye mwaka 1948 aliweka msingi wa hoja kwamba kubana na kulinda vyaweza kufanywa kila kimoja peke yake bila hasara. Ni kweli, mradi ujumbe uwe mrefu mno na msikilizaji awe radhi kusubiri. Mazungumzo hayasubiri, kwa hiyo mlinzi lazima ajue mbanaji amebakiza nini. AMR, mbinu ya kubana sauti iliyofuata, iliusogeza ushirikiano huo mbele: mawimbi yakidhoofika, sauti hubanwa kutoka kilobiti 12.2 kwa sekunde hadi 4.75, na nafasi iliyoachwa hupewa kinga.

Ndiyo maana naona ni makosa kukidharau kitochi, simu ndogo ya vitufe inayotumia GSM, na kukitupa jalalani eti kimepitwa na wakati, ilhali betri yake ingali nzima na hesabu iliyomo ndani yake bado inastahili kufundishwa vyuoni. Wazo hilohilo la kulinda zaidi kilicho nyeti limo pia katika redio ya kidijitali ya DAB, video za H.264, na picha za JPEG 2000 zinazotumwa hewani.