Ndege, Basi au Treni: Hesabu Mpya ya Safari ya Tabora

Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa njia ya Itigi na Dodoma ni kilomita zipatazo 840 za lami. Kwa ukomo wa nauli uliotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) Desemba 2023, abiria wa daraja la kawaida hulipa shilingi 48.47 kwa kila kilomita, yaani takriban shilingi 41,000 kwa safari nzima. Daraja la kati, kwa shilingi 67.84, linafika kama 57,000. Tiketi ya ndege haipimwi kwa kilomita. Hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia na viti vinavyopungua, na hata aliyeiwahi mapema hulipa mara kadhaa ya nauli ya basi. Hata hivyo ndege inapata abiria, na wengi wao ni watu wanaojua sana kuhesabu fedha.

Njia hii imekuwa na hesabu ngumu tangu enzi za misafara. Wapelelezi Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba, baada ya zaidi ya siku 130. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba karibu frasila mbili, kilo thelathini na kitu, akilipwa ujira na posho, na Ugogo msafara ulitoa hongo kwa watemi ili upite na kupata maji. Kwa gharama hizo, bidhaa iliyoweza kusafiri ni ile yenye thamani kubwa kwa uzito mdogo: pembe za ndovu zikishuka pwani, vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba zikipanda bara. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Tabora na njia ya Ujiji ikafungwa, mpelelezi Henry Stanley, aliyekuwa akielekea huko, alilazimika kuzunguka kusini. Wafanyabiashara waliumizwa zaidi na kutojua siku ya kufika kuliko na ushuru wa njiani. Reli ya Wajerumani ilipofika Tabora mwaka 1912 ilikuja na ratiba, na biashara ya upagazi katika njia hii haikuinuka tena.

Ndege ya leo nayo inabeba kile kinachoweza kuhimili gharama. Anayepanda ni mtumishi aliyelipiwa na ofisi, mnunuzi wa tumbaku wakati wa masoko, mgonjwa mwenye rufaa ya Muhimbili, au mhandisi wa bomba la mafuta ghafi, ambalo kiwanda chake cha kuandaa mabomba kilizinduliwa Sojo, wilayani Nzega, Machi 2024. Hawa ama tiketi yao inalipwa na mwingine, ama siku moja ikiwapotea wanapoteza zaidi ya tofauti ya nauli. Anayejilipia mwenyewe ana njia rahisi ya kuamua. Achukue tofauti ya nauli ya kwenda na kurudi, aigawe kwa siku mbili ambazo basi lingemla barabarani. Kama kazi yake haimwingizii kiasi hicho kwa siku, hana sababu ya kupanda ndege, isipokuwa afya au msiba umemlazimu.

Bei ya ndege haitashuka kirahisi. Bombardier Q400 ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2016 zina viti 76, na ndizo zinazofaa miji kama Tabora. Mafuta na vipuri vyake hufuata bei ya dola. Tena shirika lenye ndege chache huyumba haraka: matatizo ya injini yalipozisimamisha Airbus A220 zake mwaka 2022 na 2023, ratiba ya shirika zima ilitikisika. Safari ikifutwa Dar es Salaam, abiria wa Mwanza anaweza kupata ndege nyingine siku hiyo hiyo. Wa Tabora mara nyingi hulala, na ile siku aliyoinunua kwa bei kubwa imekwenda.

Basi limebadilika kuliko wengi wanavyokiri. Kabla kipande cha Chaya hadi Nyahua, kilomita 85 zilizojengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Kuwait, hakijawekwa lami, mabasi mengi yalizunguka Singida na Nzega. Mzunguko ule uliongeza zaidi ya kilomita 150, na kwa nauli za sasa hizo ni zaidi ya shilingi 7,000 kwa kila abiria. Tangu Oktoba 1, 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya katazo la takriban miongo mitatu. Mfanyabiashara anaondoka jioni, asubuhi yuko Kariakoo, na gharama ya kulala nyumba ya wageni imepungua. Mwendo haujaongezeka, wala usiongezeke: ukomo ni kilomita 80 kwa saa, na kifaa cha ufuatiliaji kinamwona dereva. Kwa mwendo huo kilomita 840 ni saa kumi na nusu bila kusimama popote. Weka mizani, chakula, kuchimba dawa na foleni ya kuingia stendi ya Mbezi, unafika saa kumi na tatu au kumi na nne.

Halafu kuna buti la basi, ambalo watu wa ndege hawalizungumzii. Air Tanzania inampa abiria wa daraja la kawaida kilo 23 za mzigo, chini ya alizobeba pagazi. Mama anayepeleka asali na karanga Dar es Salaam na kurudi na vitenge na vyombo hawezi kuingia katika kilo hizo. Kwa mwenye basi, mizigo na vifurushi visivyo na abiria ni kipato halisi, na ndicho kinachosaidia siku ambazo viti havijai.

Mshindani anayetisha wote wawili yuko relini. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma kwa takriban saa nne, kwa nauli ya kawaida ya shilingi 31,000. Ongeza basi la Dodoma hadi Tabora, kilomita kama 390, ambalo kwa ukomo wa LATRA ni karibu shilingi 19,000. Jumla ni 50,000, na mwili umepumzika nusu ya njia. Tatizo ni Dodoma penyewe: stesheni ya treni na stendi ya mabasi ya Nane Nane zimeachana mbali, na hakuna anayeuza safari hizo mbili kama tiketi moja. Saa zilizookolewa na treni zinaliwa na bodaboda, kusubiri na kubeba mizigo.

Mikataba ya kuiendeleza reli hiyo, Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, Tabora hadi Isaka, kilomita 165, na Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ilisainiwa kati ya 2021 na 2022. Vipande hivyo vikikamilika, Tabora itakuwa njia panda ya reli ya kisasa, kama ilivyo njia panda ya reli ya zamani. Wenye mabasi wa Tabora wasingoje siku hiyo. Waombe sasa vibali vya mabasi yanayoanzia stesheni ya Dodoma, yaondoke nusu saa baada ya treni kufika, na Shirika la Reli liwaruhusu kuuza tiketi ya pamoja. LATRA inazisimamia nauli za basi na za treni kwa mkono mmoja, kwa hiyo hakuna wa kumsingizia kama jambo hili halitafanyika.