Kisu cha Rambo kilivyoniumbua Matombo

MWENZENU nimekuwa mpenzi wa Rambo tangu nikiwa mdogo, sijui hata Kiingereza cha kuombea maji. Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu tulikuwa tunabanana kwenye mabenchi, jasho linatutoka kama tuko jikoni, na wenzangu wote walikuwa wanashangilia bunduki. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kile kisu. Kikubwa, kina meno ya msumeno mgongoni, na mpini wake una tundu ndani! Jamaa akifungua kifuniko anatoa sindano na uzi, anajishona mkono mwenyewe. Lo!

Nchi hii Rambo tulimpenda mpaka tukampa kazi sokoni. Mifuko ya plastiki tuliiita rambo hadi serikali ilipoipiga marufuku Juni 1, 2019. Mfuko ukaenda zake, kisu kikabaki. Ukizunguka Kariakoo utakutana na machinga amekipanga pamoja na tochi na mikasi, kinang'aa utadhani kimetoka jeshini jana.

Mimi nilikinunua mwaka 2023 kwa shilingi 25,000. Yule kijana alinifungulia mpini, akanimwagia kiganjani njiti za kiberiti, ndoana, sindano na uzi. Kwenye kifuniko kuna dira. "Broo, hili ni duka zima," akaniambia. Nikalipa bila hata kuomba apunguze, na wanaonijua wanajua hiyo si tabia yangu.

Siku chache baadaye mjomba akaniita Matombo, kule mashariki ya milima ya Uluguru. Kwa sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye ukoo, akiita hakuna cha udhuru. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi, anataka vijana wa kulala shambani, kwenye dungu. Nikajisemea moyoni, hapa sasa ndipo penyewe. Kisu kiunoni, nikapanda basi.

Jioni ya kwanza kukawa na manyunyu, unahitajika moto. Mjomba akachukua panga lake akate kuni. "Kaa mjomba, leo nakata mimi," nikamwambia, nikachomoa kitu. Binamu yangu, kijana wa miaka 17, akasogea karibu aone vizuri. Kosa.

Pigo la kwanza safi. La pili safi. La tatu, kwach! Nikabaki nimeshika mpini mtupu, chuma hakionekani. Nikasikia yowe. Kilikuwa kimeruka na kumpasua binamu mguuni, chini kidogo ya goti kwa nyuma. Damu hiyo, we acha tu.

Sasa sikilizeni uzezeta wangu. Nilifungua mpini, nikatoa sindano na uzi. Haki ya Mungu, nilitaka kumshona! Mjomba akanitazama kama mtu aliyeona nyoka kitandani. "Wewe! Huyu ni mtu au gunia?" Akachukua maji safi ya kunywa akamwagia kidonda, akakikandamiza kwa kitambaa kisafi bila kuachia, akafunga. Tukashuka naye gizani karibu saa nzima hadi zahanati. Nyuzi nne na sindano ya pepopunda. Njiani hakuna aliyenisemesha.

Tuliporudi kuwasha moto, njiti zangu za kwenye mpini zilikuwa zimelowa. Kifuniko hakikuwa na hata kipira cha kuzuia maji. Na ile dira, ukiigeuza huku na kule ilikuwa inaonyesha kaskazini kule kule unakoelekea wewe. Kumbe inavutwa na chuma cha kisu chenyewe. Duka zima, bidhaa zote feki.

Nilirudi mjini na vile vipande viwili nimevifunga kwenye gazeti. Nikampelekea fundi mmoja mzee wa gereji anayenoa na kuchomelea. Akavaa miwani, akacheka mpaka akakohoa. "Kijana, umeliwa. Tazama hapa."

Akanionyesha. Kisu cha kawaida kina msuka, yaani ule mkia wa chuma unaozama ndani ya mpini. Panga ndiyo kabisa, chuma kinapita mpini mzima na kupigwa ribiti. Lakini mpini ukishakuwa bomba tupu, msuka utakaa wapi? Kwenye changu ulikuwa kijimkia cha sentimita mbili, chembamba kama penseli, kimefungwa na nati moja. Kila pigo la kuni lilikuwa linaangukia pale pale. Tundu nililolinunua kwa mbwembwe ndilo lililomkata binamu yangu.

Nikataka kujua sasa Rambo mwenyewe aliwezaje. Nikasoma. Kisu cha filamu ya First Blood ya mwaka 1982 kilitengenezwa na fundi wa Arkansas, Marekani, aitwaye Jimmy Lile, na ndiye aliyetengeneza pia kile cha filamu ya pili ya 1985. Huyo alikuwa fundi wa mkono, kisu kimoja kimoja, na urefu wa chuma cha kile cha kwanza ni inchi 9. Yupo na mwingine, Chris Reeve wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, yeye alikuwa anachonga kisu na mpini wake wenye tundu kutoka kipande kimoja cha chuma, hakuna kiungo cha kuvunjika. Hivyo ni vya bei ambayo mimi na wewe tutaishia kuisoma tu. Vya Kariakoo vimeiga sura.

Yale meno ya mgongoni nayo yana historia yake. Visu vya marubani wa jeshi la anga la Marekani viliwekewa meno ili rubani akianguka aweze kukata bati la ndege atoke. Kwa hiyo ukikata nayo tawi bichi yanakwama, maana hayakuwekwa kwa ajili ya miti. Mimi ndege sina.

Fundi akauliza: nitupe au nitengeneze? Nikasema tengeneza, ila sitaki kuchomelea juu juu. Akanipa tano. Moto wa kuchomelea ukigusa kisu chuma kinalegea, makali hayakai tena.

Alichofanya ni hiki. Alikula sehemu ya nyuma ya chuma chenyewe kwenye mashine, pande zote mbili, mpaka akapata msuka mpya wa sentimita 6. Kidogo kidogo, kila baada ya muda anachovya kwenye ndoo ya maji, kwa sababu chuma kikipata rangi ya bluu ujue kimeshaungua. Kisu kikapungua, kutoka sentimita 21 kikabaki na 15. Roho iliniuma, lakini ufupi huo ndio unaofaa kwa kazi za mkono. Kisha akachanganya gundi ile ya mirija miwili na unga wa chuma uliodondoka kwenye tupa, akajaza ndani ya bomba, akazamisha msuka. Tukaacha mpaka kesho yake. Halafu akatoboa tundu la kupita mpini na msuka kwa pamoja, akapitisha kipande cha msumari mnene na kukigonga pande zote kama ribiti. Kekee ilipita kwenye chuma bila ubishi, akaguna: "Laini hiki, utakuwa unanoa kila siku." Ni kweli, nanoa kila siku.

Meno yaliyokuwa karibu na mpini akayasaga yote. Sasa naweza kuweka kidole gumba mgongoni.

Dira nikaing'oa, nikaziba kwa kipande cha bati na gundi ile ile. Ndani ya kifuniko nikaweka washa ya mpira ya bomba la maji na kupaka grisi. Mpini ulikuwa na sentimita 11, msuka umechukua 6, nimebakiwa na 5. Njiti ya kiberiti inaingia. Nimeweka kumi, nimezichovya kwenye nta ya mshumaa, na kipande cha ubavu wa kiberiti ndani ya nailoni. Ndoana tatu na mshipi. Vidonge vinne vya kusafishia maji. Sindano imo, ya kushonea suruali!

Ila kitu ninachojivunia kuliko vyote sikukinunua. Ni mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilipewa bure na fundi baiskeli, nikaukata utepe na kuuzungushia mpini kwa kuuvuta sana. Mkono ukilowa hauteleza hata kidogo. Na kuni zikigoma, unakata kipande kidogo unakiwasha kwa njiti, kinawaka hata kwenye manyunyu. Kinatoa moshi mweusi na harufu mbaya, usiinamie chungu.

Ala ya kitambaa iliyokuja nacho ncha ilikuwa inatoboa nje kuelekea pajani. Fundi viatu akanishonea nyingine ya ngozi. Jumla ya matengenezo yote ilifika shilingi 32,000, kupita bei ya kisu. Mke wa kaka yangu amenicheka mpaka leo.

Mwaka 2024 nikaitwa tena Matombo, na kisu nikabeba. Kuni nilikata kwa panga la mjomba, sikuguswa na shetani yeyote. Kisu kilimenya muwa, kikachonga vigingi, kikapasua vijiti vya kuwashia. Mjomba akakiomba, akakigeuza, akajaribu kukitikisa mpini, hakikucheza. Akaguna, akachunia nacho ngozi ya sungura, hakunirudishia mpaka asubuhi.

Binamu mguu umepona, kovu analo. Lakini kila nikichomoa kile kisu, ananyanyua kigoda chake taratibu, anakwenda kukaa upande wa pili wa moto.